Uzamivu Umekwisha, Kazi ya Utafiti Iko Wapi?

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hubeba anuani ambayo maelfu ya waombaji kazi nchini Tanzania wameshaiandika juu ya barua zao: Majengo ya Dkt. Asha-Rose Migiro, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nafasi za wahadhiri na maafisa utafiti wa taifa zima, kwa hiyo, hutangazwa kutoka ndani ya eneo la chuo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2007 na kilichobuniwa kuwa na wanafunzi 40,000. Ukisoma tangazo la kazi za chuo kikuu kwenye mfumo wa Ajira Portal, mpangilio haubadiliki sana. Anayeingia na shahada ya kwanza hutakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8. Mhadhiri Msaidizi hutakiwa awe na uzamili wenye GPA ya 4.0 kwenda juu. Mhadhiri awe na uzamivu. Kisha yanafuata masharti ya jumla: mwombaji awe raia, asizidi umri wa miaka 45 isipokuwa kama yumo tayari kwenye utumishi wa umma, aambatishe vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na aliyesoma nje vyeti vyake vihakikiwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Nafasi moja ni adimu sana katika matangazo hayo. Ni ya mtu aliyemaliza uzamivu wake juzi, anayepewa mkataba wa miaka miwili au mitatu na mshahara unaoeleweka ili afanye utafiti, na utafiti ndiyo iwe kazi yake.

Utafiti wa namna hiyo, wa baada ya uzamivu, ulianza kupata sura yake ya sasa Marekani mwaka 1919, Baraza la Taifa la Utafiti la huko lilipotumia fedha za Rockefeller kuwafadhili vijana wa fizikia na kemia waliokwisha kupata shahada ya juu. Marekani ya wakati huo ilikuwa na vyuo vingi, lakini kijana aliyeajiriwa chuoni alimezwa na vipindi vya kufundisha, na ile ari ya uchunguzi aliyotoka nayo masomoni ikazimika kabla hajazalisha kitu. Kwa hiyo alipewa muda. Tofauti yake na mwanafunzi wa uzamivu ni kwamba hana msimamizi wa kumpitishia sura za tasnifu wala mtihani wa kuutetea. Ana swali lake mwenyewe au sehemu yake ndani ya swali la kundi, na anatarajiwa kulifikisha mahali: kuchapisha, kuwasaidia wanafunzi wa uzamili kupima na kuchambua, kujifunza kuandika maombi ya ruzuku, kujua mashine ya maabara ikiharibika aanzie wapi. Baada ya miaka hiyo ndipo huwa mtafiti anayeweza kuongoza wenzake. Uzamivu huthibitisha kwamba mtu amewahi kufanya utafiti mmoja hadi mwisho. Uwezo wa kuendesha utafiti mmoja baada ya mwingine, wenye fedha za watu na kazi za watu ndani yake, hujengwa katika kipindi hiki.

Ninashikilia kwamba Dodoma, na uwanda wa kati kwa jumla, ndipo mahali panapostahili zaidi nchini kuwa na nafasi hizi kwa wingi, na kwamba chuo chenye ndaki za sayansi, uhandisi wa madini, afya na TEHAMA hakitimizi kazi yake bila hizo. Sisemi hivyo kwa kupenda kuiga Ulaya. Ninasema hivyo kwa sababu maswali ya uwanda huu yana tabia moja: hayajibiki kwa mwaka mmoja, na hayajibiki na mtu anayeyashika mwishoni mwa wiki baada ya kusahihisha mitihani.

Chukua maji ya Makutupora. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya maji ya jiji imevutwa kutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Tangu miaka ya 1950 wahudumu wa idara ya maji wamekuwa wakishusha kamba ya kupimia ndani ya visima vya uangalizi na kuandika kina cha maji. Kazi hiyo ilifanyika chini ya serikali ya mkoloni, ikaendelea baada ya Uhuru, ikapita kwenye miaka ya njaa na miaka ya mafuriko. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo, za miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010. Ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za maji ya ardhini katika nchi za tropiki. Uchambuzi uliongozwa na Richard Taylor wa University College London, akiwa na wataalamu wa Uingereza na wa sekta ya maji ya Tanzania, akiwemo Lister Kongola.

Walichokikuta kinamhusu kila anayefungua bomba Dodoma. Mchoro wa kina cha maji ukiutazama, mstari unashuka polepole mwaka baada ya mwaka, hata katika miaka ambayo mvua ilinyesha vizuri kiasi cha kumridhisha mkulima. Kisha ghafla unaruka juu. Miruko hiyo ni michache katika nusu karne nzima, na hutokea katika misimu ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, aghalabu inayofuatana na El Niño. Msimu wa 1997/98, ambao Watanzania wanaukumbuka kwa madaraja yaliyosombwa na reli iliyokatika, ndio uliojaza hazina ya Makutupora kuliko msimu mwingine wowote katika kumbukumbu hizo. Maana yake ni kwamba wastani wa mvua, ile namba tunayoipenda katika ripoti za mipango, hausemi kitu cha maana kuhusu kujaa kwa visima vya Dodoma. Jiji linaishi kwa akiba ya misimu michache mikubwa. Na jiji lenyewe limebadilika: serikali ilitangaza kuhamia huko mwaka 2016, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya mipaka ya jiji.

Waliopima visima kwa miaka 55 walifanya kazi yao kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, na ushirikiano na wageni uliozaa makala ile ulikuwa wa heshima kwa pande zote. Miradi iliyofuata imekihusisha pia Chuo Kikuu cha Sokoine. Lakini tazama ni nini hasa kilichohitajika ili kumbukumbu zigeuke kuwa maarifa. Alihitajika mtu aliyesomea haidrolojia hadi uzamivu, anayeweza kukaa na madaftari hayo miezi mingi, kuyasafisha, kulinganisha kila kisima na mvua ya kila msimu, kutenganisha athari ya pampu na athari ya ukame, kukosea na kurudia. Huo ni mkataba wa miaka mitatu. Chuo kikuu kimejengwa upande wa pili wa mji uleule unaokunywa maji hayo, na swali linalofuata liko mezani: kama jiji likizidi kuvuta na mvua kubwa zikichelewa, hazina itadumu kwa muda gani, na je, maji ya mafuriko ya mto Kinyasungwe Mdogo yanaweza kusaidiwa kuingia ardhini kwa makusudi? Mhadhiri mwenye kozi tatu na wanafunzi mia kadhaa hawezi kulibeba. Mwanafunzi wa uzamili ana miezi michache tu ya kuwa uwandani.

Historia ya sayansi katika uwanda huu inaonyesha jambo lilelile mara kwa mara. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala nchini Sweden, wakiongozwa na mwanajiografia Anders Rapp, walipima jinsi mabwawa ya Dodoma, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, yalivyokuwa yakijaa mchanga kutokana na mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoliwa na makorongo la Kondoa. Uamuzi huo ulikuwa mzito kwa wafugaji na bado unajadiliwa. Kondoa ikawa darasa: Carl Christiansson alipata uzamivu wake Stockholm mwaka 1981 kwa kazi ya mmomonyoko katika nyanda kame za Tanzania, na wenzake wakaendelea kurudi miaka mingi baadaye. Waliorudi ndio walioweza kusema ni makorongo yapi yaliota majani na yapi yaliendelea kula shamba. Miongoni mwa Watanzania walioandika juu ya Kondoa alikuwemo Idris Kikula, ambaye baadaye akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Si jambo dogo kwamba chuo hiki kiliongozwa mwanzoni na mtu aliyeijua ardhi ya mkoa huu kwa kuipima.

Mpwapwa nayo ina lake la kusema. Kituo chake cha mifugo kina asili ya tangu enzi ya Wajerumani, mwaka 1905. Ng'ombe aitwaye Mpwapwa, mwenye damu ya zebu wa hapa na ya mifugo ya kutoka Asia na Ulaya, alitafutwa kwa miongo kadhaa ya kuchagua na kuzalisha, kizazi baada ya kizazi, mpaka akapatikana mnyama anayevumilia malisho haba na bado akatoa maziwa. Hakuna ruzuku ya miezi kumi na minane inayoweza kuzaa ng'ombe wa namna hiyo.

Kisha kuna maswali ambayo hayasubiri. Katikati ya mwaka 2016 watu katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuumwa tumbo, kutapika, kuvimba na macho kugeuka manjano. Ilithibitika kuwa ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Ukungu huo hauna ajabu: mahindi yaliyopigwa na ukame shambani, yakavunwa na unyevu, yakarundikwa chini ndani ya chumba kisichopitisha hewa, ndiyo mazingira yake. Waliolichunguza janga hilo waliweza kulitambua na kulieleza kwa sababu nchi ilikuwa na wachache waliokwisha kuitafiti sumukuvu miaka kadhaa kabla, ndani ya mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo na katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, wakishirikiana na vyuo vya Ubelgiji na Uingereza. Utaalamu ulikuwepo kabla ya maradhi. Baadaye ulianzishwa mradi wa kitaifa wa kudhibiti sumukuvu na Kongwa ikawemo ndani yake, lakini mtu wa kufuatilia ghala za Chemba, Kondoa na Kibaigwa msimu kwa msimu, akijua ni mbegu ipi, ni turubai lipi, ni wiki ipi ya kuvuna inayopunguza sumu kweli, ni lazima awe na ajira inayomruhusu kufanya hivyo.

Kwa msomaji aliye njiani, au mzazi mwenye kijana aliye njiani, ni vyema kueleza milango iliyopo sasa. Wa kwanza ni utumishi wa umma wenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, na ile ya mifugo, TALIRI, zote zina makao makuu Dodoma, na taasisi ya jiolojia, GST, yenye asili ya mwaka 1925, ipo mjini humo. Huajiri maafisa utafiti kwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, mara nyingi wakianzia shahada ya kwanza au uzamili. Ni ajira ya kudumu na yenye heshima. Wa pili ni miradi ya vyuo: profesa akipata ruzuku, hutangaza nafasi ya mtafiti wa mkataba, na nafasi hiyo huonekana kwenye tovuti ya chuo, au kwenye kurasa za Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, au, tuseme ukweli, kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Nelson Mandela, ambayo ni ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu peke yao, imepitia njia hii kupitia vituo vya umahiri vilivyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Taasisi ya Afya Ifakara imekuza watafiti wengi kwa njia hii. Wa tatu ni wa nje: ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya uko wazi kwa uraia wowote kwa aliye ndani ya miaka minane tangu apate uzamivu, likizo ya uzazi ikiondolewa katika hesabu hiyo, mradi tu asiwe ameishi zaidi ya miezi 12 katika nchi anayoiombea ndani ya miaka mitatu iliyopita. Shirika la Alexander von Humboldt la Ujerumani, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, TWAS, yenye makao Trieste nchini Italia, na shirika la kukuza sayansi la Japani, JSPS, nazo hutoa nafasi kwa watu wa nchi zetu. Maombi yote haya hayaangalii GPA kama yanavyoangalia machapisho, wazo la utafiti la kurasa chache, na mwenyeji aliyekubali kukupokea. Mwenyeji hutafutwa miezi mingi kabla, kwa kumwandikia mtu uliyesoma kazi zake na kumweleza ni kitu gani utakachomwongezea.

Milango hiyo ni mizuri, lakini mlango wa wazi zaidi unatazama nje, na wa katikati unafunguliwa na kufungwa na mtoa ruzuku. Ndiyo maana ninataka nafasi za kwetu wenyewe, na hapo ndipo pingamizi la kwanza hutokea: nchi bado ina upungufu wa wahadhiri, madarasa yamejaa, kwa nini mwenye uzamivu aondolewe ubaoni? Pingamizi hili lina uzito, na anayelidharau hajawahi kuona ukumbi wa mwaka wa kwanza. Lakini tuangalie njia ambayo Watanzania wengi huifuata. Kijana hodari huajiriwa na chuo akiwa na shahada ya kwanza au uzamili, hupelekwa masomoni, hukaa miaka minne au mitano, hurudi na uzamivu, na wiki ya kwanza hukabidhiwa kozi, usimamizi wa tafiti za wanafunzi na ukaimu wa idara. Ana kazi, hana muda. Data alizorudi nazo huishia kutoa makala moja au mbili, kisha hunyamaza. Kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021, vyuo vyetu vinawapeleka wahadhiri wengi zaidi kusoma uzamivu, na watarudi karibu kwa pamoja. Tukiwarudisha wote moja kwa moja ubaoni tutakuwa tumelipia gharama kubwa ya mafunzo ya utafiti kwa watu ambao hatutawapa nafasi ya kutafiti. Na anayefundisha bila kutafiti, baada ya miaka kumi, hufundisha yaliyokuwa kweli alipokuwa mwanafunzi. Miaka miwili ya kupunguziwa mzigo humrudishia darasa mwalimu bora, mwenye mifano ya Hombolo na Bahi badala ya mifano ya kitabu cha kigeni.

Pingamizi la pili linasema fedha za kazi hizi ni za wafadhili, nao ndio wenye kuamua. Kwa muda mrefu hilo limekuwa kweli, na mwaka 2025 ulituonyesha gharama yake. Serikali ya Marekani ilipositisha misaada mwanzoni mwa mwaka huo na hatimaye kulifunga shirika lake la misaada, USAID, mikataba ya miradi Afrika nzima ilikatika katikati ya kazi, pamoja na ya watu waliokuwa wakikusanya takwimu za miaka. Funzo ninalolipata mimi ni kinyume cha kukata tamaa: kiini kidogo cha nafasi za utafiti kinapaswa kulipwa kwa fedha yetu, ili mfadhili akija akute kitu cha kuongezea, na akiondoka akiache kimesimama. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kulenga asilimia moja ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 ziliiweka Tanzania karibu na nusu ya lengo hilo. Fedha hazijakosekana kabisa. Katika bajeti ya 2022/23 Wizara ya Elimu ilitenga shilingi bilioni 1 kuwazawadia wanataaluma waliochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, shilingi milioni 50 kwa kila makala. Nia ni njema na waliozipata walistahili. Lakini piga hesabu: zawadi moja ya namna hiyo inaweza kumlipa mtafiti zaidi ya shilingi milioni 4 kila mwezi kwa mwaka mzima. Zawadi humfikia aliyekwisha kufika. Nafasi ya kazi humfikisha ambaye bado.

Pingamizi zito kuliko yote, kwa maoni yangu, hutoka kwa watafiti wenyewe. Wanasema mikataba ya muda ni mtego, na Ulaya ni ushahidi. Wana haki. Mwaka 2021 watafiti vijana wa Ujerumani walijitokeza kwa maelfu mitandaoni kuipinga sheria inayoruhusu chuo kumweka mtu kwenye mikataba mifupi hadi miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake, kisha kumwacha akiwa na mvi. Kuna watu wazima wenye familia wanaohama mji kila baada ya miaka miwili wakifuata mkataba mwingine. Hatuna sababu ya kuichukua nafasi hii pamoja na maradhi yake. Mkataba uwe wa miaka mitatu kamili, usiongezwe zaidi ya mara moja, ulipwe kwa ngazi ya Mhadhiri, uwe na michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya na likizo ya uzazi. Na kuna kipengele kimoja cha kwetu ambacho lazima kirekebishwe kwanza. Watanzania wengi humaliza uzamivu wakiwa na miaka ya mwisho ya thelathini au wameingia arobaini. Mwenye miaka 43 ambaye hajawahi kuwa mtumishi wa umma, akichukua mkataba wa miaka mitatu na ukiishia akiwa amevuka 45, sharti la umri linamfungia nje ya ajira ileile aliyokuwa akijiandaa nayo. Anayeumia zaidi ni mwanamke aliyechelewa masomo kwa sababu ya kulea. Ofisi ya Rais, Utumishi, itamke waziwazi kwamba miaka ya mkataba wa utafiti katika chuo cha umma inahesabiwa kama utumishi wa umma. Hilo ni la waraka mmoja, halihitaji mkopo.

Wapo watakaouliza kwa nini nafasi ziwe chuoni wakati TARI, TALIRI na GST zipo umbali wa nauli ya daladala. Jibu ni kwamba zinapaswa kuwa za pamoja. TARI Makutupora, iliyotoa aina ya zabibu inayoitwa Makutupora Nyekundu, ina mashamba, kumbukumbu na wataalamu wanaojua kwa nini Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Chuo kina wanafunzi, wanatakwimu, wanakemia na watu wa kompyuta. Mtafiti mmoja wa mkataba mwenye meza mbili, moja kila upande, huweza kuunganisha ambacho makubaliano mengi yaliyosainiwa hayajaunganisha. Kuhusu hofu kwamba tutawalea kisha waondoke kwenda Afrika Kusini au Ulaya, wengine wataondoka. Lakini sasa hivi anayetaka kubaki mtafiti analazimika kuondoka. Afrika Kusini imejaza maabara zake watafiti wa baada ya uzamivu kutoka bara zima kwa sababu iliwatengea nafasi, na wengi waliokwenda huko wangefanya kazi yao kwa furaha zaidi katika ardhi wanayoijua.

Kwa hiyo ninaomba Baraza la Chuo Kikuu cha Dodoma, Wizara ya Elimu na COSTECH waanze na nafasi tano. Zitangazwe kwa uwazi kwenye Ajira Portal kama kazi nyingine yoyote, kwa jina la kazi ya utafiti, na kila moja ifungwe kwenye swali la uwanda huu: hazina ya maji ya Makutupora, sumukuvu katika ghala za Chemba na Kongwa, udongo wa Kondoa miaka zaidi ya arobaini baada ya mifugo kuondolewa, malisho ya Mpwapwa, na moja iachwe wazi kwa mwenye wazo bora ambalo hakuna aliyelifikiria. Jopo la uchaguzi liwe na mtu mmoja wa nje ya chuo. COSTECH, ambayo ndiyo hutoa vibali vya utafiti, itake kila mradi mkubwa wa kigeni unaokuja kupima Tanzania uwe na nafasi moja ya Mtanzania mwenye uzamivu, anayelipwa humu nchini na mwenye haki ya kuwa mwandishi mkuu wa angalau makala moja. Na wewe unayeandika sura ya mwisho ya tasnifu yako sasa hivi, usisubiri tangazo: chapisha angalau sura moja kabla ya kutetea, hifadhi data zako kwa mpangilio ambao mgeni anaweza kuusoma, na mwandikie mkuu wa idara au wa kituo cha utafiti ukimweleza swali unalotaka kulifanyia kazi miaka mitatu ijayo na kwa nini lifanyiwe hapa. Barua ya namna hiyo ikifika mara moja ni ombi. Zikifika hamsini, chuo kitalazimika kuzijibu.